Dawa za Petroli: Zipi Zafaa, na Zipi ni Kutupa Fedha

Kila ukaribiapo msimu wa karafuu, gari zilizokuwa zimelala chini ya mabanda huamshwa. Betri hutiwa moto, magurudumu hujazwa upepo, na mwenye gari hukumbuka kuwa msimu uliopita injini ilikuwa ikikohoa kila ilipofika mlimani na mzigo. Basi huenda mjini, na huko dukani huoneshwa rafu iliyojaa vichupa vya kila rangi. Kimoja chadai kuongeza nguvu, cha pili chadai kupunguza ulaji wa mafuta, na cha tatu chadai kuisafisha injini nzima ikawa kama iliyotoka kiwandani jana. Muuzaji naye huapa kuwa jirani yako amekwisha kununua viwili.

Wanachama kadhaa wamefika afisini kutuuliza: je, dawa hizi za kutia katika tangi zafaa, au hazifai? Jawabu letu ni hili. Baadhi yake zafaa, lakini kila moja yafaa kwa ugonjwa wake mmoja uliokwisha kujulikana. Hakuna hata moja iponyayo kila ugonjwa. Na hata iliyo bora haiwezi kushinda mafuta safi, fyuta safi na fundi mwenye kujua kazi yake. Makala hii itaeleza kwa nini.

Mwandishi wa maneno haya naye aliwahi kutegwa, na si aibu kuyasema ikiwa mwengine atapata faida. Msimu mmoja gari yangu ndogo ya mizigo ilianza kupoteza nguvu mlimani. Sikwenda kwa fundi, kwani fundi hutaka gari ilale kwake, na mimi nilikuwa na wachumaji shambani. Nilinunua chupa nikatia katika tangi. Siku ya pili nikanunua nyingine. Siku ya tatu, baada ya chupa ya tatu, gari ilizima njiani baada ya magharibi, nyuma ikiwa na magunia manne ya karafuu mbichi. Kila mkulima ajua kuwa karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia hupata moto, na ikianikwa baadaye hutoka mpeta, nyepesi na ya rangi ya kufifia. Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi fundi alifungua fyuta ya mafuta akaikuta imejaa kutu na tope lililotoka katika pipa langu mwenyewe. Fyuta mpya ilikuwa na bei ndogo kuliko chupa moja katika zile tatu. Hasara ya karafuu sisemi.

PETROLI YENYEWE HAIJI TUPU

Kwanza yapasa mtu ajue kuwa petroli inunuliwayo kituoni si mafuta matupu. Kabla ya kutufikia aghlabu imekwisha kutiwa dawa nyingine kwa vipimo vidogo sana: ya kuizuia isigeuke gundi ikikaa, ya kuzuia kutu katika matangi na mabomba, na penginepo sabuni ya kusafishia njia za mafuta. Kwa hivyo si kweli kusema kuwa dawa za petroli zote ni uwongo.

Katika Marekani, tangu tarehe 1 Januari 1995, sheria iliagiza kuwa petroli yote ya magari itiwe sabuni. Baadaye watengenezaji wa magari waliona kuwa kiasi kile hakitoshi. Mwaka 2004 kampuni za BMW, General Motors, Honda na Toyota ziliweka kiwango chao cha juu zaidi, kiitwacho Top Tier. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilizilinganisha petroli za namna mbili hizo. Baada ya mwendo wa maili 4,000, yaani kilomita zipatazo 6,400, ilionekana kuwa petroli isiyofuata kiwango kile iliacha uchafu juu ya vali kwa wastani mara 19 zaidi kuliko ile yenye sabuni ya kutosha. Hii si hesabu ya muuza chupa, bali ni ya watu waliofungua injini na kupima.

Swali basi si kama dawa ina kazi au haina. Swali ni dawa gani, kwa ugonjwa gani, na kwa kiasi gani. Tuzitazame moja moja.

SABUNI YA NOZELI

Injini izimwapo ikiwa ya moto, tone la petroli lililobaki katika ncha ya nozeli huungua polepole likaacha utando mgumu, kama masizi ya chini ya sufuria. Tundu la nozeli ni jembamba mno. Utando ukizidi, nozeli haiwezi tena kunyunyiza petroli kama ukungu, bali huidondosha kama ndoo iliyotoboka. Dalili zake ni gari kuwa nzito kuwaka asubuhi, kutetemeka ikisimama, na kusitasita unapokanyaga mafuta.

Kwa ugonjwa huu, sabuni nzuri yafaa kweli. Iliyosifika zaidi katika kazi hii ni ile yenye kemikali iitwayo polietaramini, ambayo katika karatasi ya chupa huandikwa kwa herufi PEA. Ubora wake ni kuwa huvumilia moto wa ndani ya silinda, ikasafisha nozeli, vali, na hata kichwa cha pistoni. Kampuni ya Hyundai, mathalan, imeandika katika vitabu vya baadhi ya gari zake kuwa mahali ambapo petroli yenye sabuni ya kutosha haipatikani, mwenye gari atie chupa moja ya dawa kila baada ya mwendo maalumu. Mtengenezaji wa gari akisema hivyo, hapana budi tumsikilize.

Lakini zipo kasoro zake, nazo ni hizi:

Kwanza, sabuni husafisha pale inapopita tu. Tangu mwaka 1996, Mitsubishi ilipoanza kuuza injini zake za GDI, zimeenea gari ambazo petroli hunyunyiziwa ndani ya silinda moja kwa moja. Za Toyota huandikwa D-4. Katika injini hizo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, na kwa hivyo sabuni ya tangini haiwezi kuzisafisha vali hizo hata ukitia ndoo nzima. Hutakasa nozeli tu. Kwa kuwa gari nyingi tununuazo zimetumika Japani kwanza, mwanachama atazame herufi hizo kabla ya kutoa fedha.

Pili, tangi lenye uchafu wa miaka likitiwa dawa kali, uchafu huo waweza kubanduka na kwenda kuziba fyuta. Safisha tangi na badilisha fyuta kwanza.

Tatu, sehemu ya dawa hupenya ikaingia katika oili. Kwa hivyo wakati mzuri wa kuitumia ni tangi la mwisho kabla ya kubadilisha oili, wala si kila tangi.

Nne, sabuni haiponyi plagi iliyokufa, pampu iliyochoka, wala ringi zilizoliwa. Gari itoayo moshi wa buluu yaomba fundi, haiombi sabuni.

DAWA YA KUONGEZA OKTENI

Hapa ndipo penye upotofu mkubwa kuliko pengine pote. Watu wengi hudhani kuwa okteni ni nguvu, na kwamba petroli ya okteni kubwa huipa gari mbio. Sivyo. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa na petroli kwa nguvu, na kinachobanwa hupata moto. Petroli inayofaa hungoja mpaka plagi itoe cheche ndipo iwake. Petroli isiyo na uvumilivu huwaka yenyewe kabla ya wakati wake, na dereva husikia injini ikigonga, kama mtu apigaye bati kwa kijiti. Kugonga kukiendelea, pistoni huharibika.

Ikiwa gari yako haigongi, okteni zaidi haikuongezei kitu. Katika Japani petroli ya kawaida yatakiwa iwe na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isipungue 96. Gari iliyotengenezwa kutumia ile ya kawaida haina haja ya chupa ya okteni, kwani petroli inayoruhusiwa kuuzwa kwetu Afrika Mashariki yapita kiwango hicho. Ama gari ya injini kubwa yenye turbo, ambayo kitabu chake kimeagiza petroli ya daraja la juu, hiyo ni habari nyingine.

Tena karatasi za chupa hizi zina ujanja. Chupa iandikwayo kuwa yaongeza “pointi 10” aghlabu huwa yakusudia sehemu za kumi: yaani okteni 91 huwa 92 tu, wala si 101.

Na iwapo injini yagonga kweli, uliza kwanza sababu. Pengine umeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwani mafuta ya taa hushusha okteni na kuharibu oili. Pengine injini ina masizi mengi ndani au yapata moto kupita kiasi. Kumnyamazisha mgonjwa si kumponya.

FUNZO LA RISASI

Ndugu Wanachama, katika historia nzima ya dawa za petroli hakuna iliyofanya kazi yake vizuri kama moja, na hakuna iliyowadhuru watu kama hiyo hiyo. Nayo ni risasi. Inafaa tuieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo itufundishayo namna ya kuipima dawa yoyote.

Mwezi wa Desemba 1921, mhandisi mmoja wa kampuni ya General Motors, Thomas Midgley, aligundua kuwa kiasi kidogo tu cha maji maji yenye risasi ndani yake huondoa kabisa kugonga kwa injini. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Watu walijua pia kuwa spiriti itokanayo na mimea nayo huzuia kugonga, lakini risasi ilitakiwa kidogo mno na faida yake ilikuwa kubwa kwa wauzaji.

Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo walishikwa na wazimu, na watano wakafa. Uuzaji ukasimamishwa mwaka 1925, halafu ukarejeshwa mwaka 1926, na dawa ikaenea dunia nzima. Kwa muda wa miaka mingi kila gari ilitoa risasi katika moshi wake, na risasi hiyo ikaingia katika vumbi, katika udongo, na katika damu. Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionesha kuwa miili ya watu wa zama hizi ilibeba risasi nyingi kupita kiasi cha maumbile. Watoto ndio waliodhurika zaidi, kwani risasi huharibu ubongo unaokua.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kuazimia kuiondoa, na kuingia mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekwisha kuachwa katika nchi hizo, yetu ikiwamo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa kuachwa kwake kwazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1 na laki 2 kila mwaka.

Mazingatio ni nini? Ni kuwa suala la kwanza, “Je, dawa hii yafanya kazi?”, halitoshi. Lazima liulizwe na la pili: “Kazi ikisha, kitu gani kinabaki, na kinakwenda wapi?” Dawa za okteni za siku hizi hazina risasi, lakini baadhi yake zina madini mengine. Ile iitwayo MMT ina manganisi, na Toyota katika vitabu vyake vya gari ziuzwazo Marekani imesema wazi kuwa haipendekezi petroli yenye MMT. Iitwayo ferosini ina chuma. Madini hayo hayaungui yakapotea. Huacha ukoga juu ya plagi, na huweza kudhuru sensa ya oksijeni na kile kichujio cha thamani kilichomo ndani ya ekzosi. Ukifungua plagi ukaikuta na rangi nyekundu ya kutu baada ya kutumia dawa, umekwisha kupata habari.

Kwa wachache wenye lori kuukuu za zamani, zilizotengenezwa katika zama za risasi, ipo dawa ya haki. Risasi ilikuwa pia ikizilinda vikalio vya vali za chuma laini. Ilipoondolewa, gari hizo ziliachwa bila ya kinga, na dawa ya badala ya risasi huzisaidia. Lakini dawa hiyo haina kazi yoyote katika gari za siku hizi.

DAWA YA KUHIFADHI PETROLI

Hii yatuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa sababu gari zetu nyingi hufanya kazi ya mashaka katika msimu, kisha hulala. Petroli iliyokaa miezi mingi huchakaa: sehemu zake nyepesi huruka na hewa, na zilizobaki hugeuka gundi. Dawa ya kuhifadhi huchelewesha kuchakaa huko, na yafaa kwa gari, kwa pampu ya maji, na kwa msumeno wa moto.

Masharti yake ni matatu. Itiwe katika petroli mpya, kwani haifufui iliyokwisha kuharibika. Injini iachwe ikinguruma dakika kadhaa ili dawa ifike mpaka katika nozeli au kabureta. Na tangi lijazwe, kwani tangi nusu huacha nafasi ya hewa ya unyevu. Asiyetaka kununua dawa ana njia nyingine isiyo na gharama: aiwashe gari na kuitembeza mara kwa mara, aitumie petroli ile ikaisha, na atie mpya.

DAWA YA KUONDOA MAJI

Visiwani kwetu hewa ina maji mwaka mzima, na masika ndiyo usiseme. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo hushuka chini ya tangi, na huko huleta kutu na kuifanya injini ikatike-katike. Dawa ya kuondoa maji aghlabu ni namna ya spiriti, ambayo huyafanya maji kidogo yachanganyike na petroli yapite yakaungue pamoja.

Kwa matone machache yafaa. Kwa kikombe kizima haifai. Spiriti ikilemewa na maji hujitenga na petroli, na yote mawili hushuka chini pamoja, ukawa umezidisha ulichotaka kupunguza. Maji mengi hutolewa kwa kufungua tangi na kulimwaga, basi.

KWA WENYE DIZELI

Dizeli ina tabia iliyo kinyume cha petroli. Yenyewe haina plagi ya cheche. Yatakiwa iwake yenyewe ikibanwa, na wepesi wake wa kuwaka huitwa seteni. Kwa hivyo dawa ya okteni kamwe isitiwe katika gari ya dizeli. Itaifanya iwe nzito kuwaka.

Mwezi wa Januari 2015, kiwango cha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Kazi ya kuondoa salfa huondoa pia utelezi wa dizeli unaolainisha pampu, lakini dawa ya kurejesha utelezi huo hutiwa kabla ya mafuta kuuzwa. Mwenye gari anunuaye mafuta ya halali hana haja ya kutia nyingine.

Adui mkubwa wa dizeli hapa kwetu ni maji na ukungu. Ndiyo, ukungu wenye uhai. Pale maji na dizeli vinapokutana chini ya tangi huota vijidudu na kuvu, vikafanya ute mweusi uzibao fyuta. Wenye mashua za injini wanaujua sana. Ipo dawa ya kuviua, lakini vikifa mizoga yake hubaki humo humo na kuziba fyuta vile vile. Maji yamwagwe kwanza, tangi lisafishwe, ndipo dawa itiwe.

ZA KUPUNGUZA ULAJI WA MAFUTA

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000, tangi lako lachukua lita 40, na chupa ya dawa ni shilingi 15,000. Bei ya chupa ni sawa na lita 5. Ili chupa irejeshe fedha zake tu, bila ya faida yoyote, yapasa ikuokolee lita 5 katika 40, yaani sehemu moja ya nane ya mafuta yote. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani imevipima vifaa na dawa zaidi ya 100 zinazodaiwa kupunguza ulaji, na chache tu ndizo zilizoonesha faida, nayo ilikuwa ndogo.

Anayesema kuwa dawa imemsaidia huenda hasemi uwongo. Pengine siku ile alibeba mzigo mwepesi, au alijaza upepo, au aliendesha polepole kwa kuwa alikuwa akiitazama sindano ya mafuta. Mwanachama apendaye kuhakikisha na ajaze tangi mpaka juu, aandike kilomita, apite njia ile ile kwa mzigo ule ule kwa matangi matatu bila ya dawa na matatu kwa dawa, kisha alinganishe. Karatasi na kalamu ni fundi asiyelipwa.

DAWA ZA MTAANI

Wapo watiao naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo katika nguo. Zamani naftalini yenyewe ilikuwa na kiasi cha okteni, lakini vidonge vingi vya sasa vimetengenezwa kwa kemikali nyingine yenye klorini, ambayo ikiungua hutoa asidi ya kula chuma. Wapo watiao asetoni ya kusafishia rangi, nayo hulainisha mipira ya pampu na mabomba. Na wapo wachanganyao mafuta ya taa ili petroli iwe nyingi. Huo si utaalamu, ni uchakachuaji. Kwa ajili yake, mwaka 2010 Tanzania Bara ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane yakipimwa. Vinasaba navyo ni dawa ya petroli, ila kazi yake ni kumponya muuzaji na si injini.

TUFANYEJE BASI?

Kabla ya msimu, mwanachama afanye haya kwa utaratibu:

1. Abadilishe fyuta ya mafuta na ya hewa, na atazame plagi.

2. Alitazame pipa lake. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana hewa ya ndani hutanuka, usiku hupoa, na maji hufyonzwa kupitia kizibo. Liwekwe chini ya paa. Likibidi kukaa nje lilazwe, vizibo viwili viwe usawa mmoja, kulia na kushoto.

3. Mafuta yakiletwa yaachwe yatulie siku nzima kabla ya kutolewa. Yasichotwe ya chini kabisa, na yapitishwe katika chujio.

4. Anunue mafuta katika kituo chenye wateja wengi, na adai risiti.

5. Dalili ikitokea, aende kwa fundi kwanza. Akiambiwa nozeli ni chafu, ndipo anunue sabuni. Asome karatasi ya chupa, atie kiasi kilichoandikwa, asizidishe. Chupa isiyosema ndani mna nini, airejeshe rafuni.

6. Mafuta na dawa visipakiwe pamoja na karafuu wala visiwekwe ghalani. Karafuu iliyoshika harufu ya petroli haina mnunuzi.

7. Chupa za dawa ziwekwe mbali na watoto, na zikisha zisitiwe maji wala mafuta ya kupikia. Mtoto akinywa, asitapishwe, kwani kutapika huweza kuyapeleka mafuta katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.

Ndugu Wanachama, mkulima haoni ajabu kuambiwa haya. Mkarafuu unaokauka ncha hauponi kwa kumwagiwa kila kitu kiuzwacho dukani. Kwanza tutazame mizizi, tutazame mchwa, tutazame maji, ndipo tujue la kufanya. Injini nayo ni hivyo hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na chupa nyingi zinazouzwa kazi yake ni kuficha maradhi mpaka siku ambayo magunia yako yako njiani na usiku umeingia.

Twawatakia nyote msimu mwema, karafuu kavu za daraja la kwanza, na gari zisizozima mlimani.